Bendera Zilizomfuata Nyangumi Kibyongo

Kutoka Mombasa hadi Bura ya Taita ni karibu kilomita 200. Unapanda na barabara ya Nairobi mpaka Voi, unashika njia ya Taveta, unaipita Mwatate, ndipo unafika. Mnyama mkubwa wa huku ni ndovu: akitoka Tsavo usiku akaingia shambani, kesho yake hakuna mahindi. Nyangumi watu wa Bura walimjua kanisani, katika kisa cha Yona, tangu mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapa mwaka 1892. Lakini biashara ya nyangumi haikukomea ufukweni. Ilipanda bara mabegani mwa wapagazi, na ikarudi tena wakati wa vita, kwa njia ya reli.

Nyangumi ninayemsema ni kibyongo, yule mwenye nundu ndogo mgongoni na mapezi ya ubavuni yaliyo marefu kufikia theluthi ya mwili wake. Aliyekomaa hufika mita 14 au 15, na uzito wake tani 30 hivi. Miezi ya joto la kusini huwa yuko Antaktika akijaza tumbo kwa uduvi. Kusi ikishika hupanda na pwani ya Msumbiji, Tanzania na Kenya, kupandana na kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Julai hadi Septemba wavuvi wa Watamu na Kilifi humwona akiruka nje ya miamba.

Kenya haikuwahi kutuma meli kumwinda, wala Tanzania. Waliomwinda walikuja na bendera zao, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyekuja alileta chombo kikali kuliko cha mwenzake aliyetangulia. Ndama alizaliwa kwetu, mafuta yake yakaandikwa katika madaftari ya watu wengine.

Siku za ambari

Kwa karne nyingi watu wa mwambao walimthamini nyangumi kwa jambo moja tu, nalo ni ambari. Al-Masudi, mwandishi wa Baghdad aliyesafiri kutoka kisiwa cha Kanbalu hadi Oman mwaka 916, aliandika kuwa ambari bora ilitoka bahari ya Zanji, yaani ya mwambao wetu. Alieleza jinsi watu wa pwani walivyokaa macho ndani ya mitumbwi wakimngoja samaki mkubwa aliyekabwa na ambari aelee juu ya maji. Wakimwona, humrushia vyusa vyenye kamba, wakamkokota hadi nchi kavu na kumpasua tumbo.

Katika elimu ya viumbe al-Masudi alikosea. Nyangumi hafi kwa kumeza ambari. Ambari hujitengeneza ndani ya utumbo wa nyangumi wa aina nyingine, yule wa kichwa kikubwa cha mraba anayekula ngisi wa kilindini. Katika habari za watu, hata hivyo, sioni sababu ya kumtilia shaka sana: ameeleza watu wanaotumia mzoga uliokwisha kuja wenyewe. Kibyongo hana ambari, na mnyama wa tani 30 aliye hai hakokotwi kwa mtumbwi. Kwa hiyo akaachwa apite.

Huko Ulaya mambo yalikuwa mengine. Wabaski walianza, Waholanzi na Waingereza wakafuata, na kufikia karne ya 18 nyangumi wa bahari za kaskazini walikuwa wameadimika hivi kwamba wawindaji wakaanza kuulizana habari za bahari za mbali.

Wamarekani, 1820 hadi 1865

Waliokuja kwanza kwa wingi katika Bahari ya Hindi walikuwa Wamarekani kutoka bandari za New Bedford na Nantucket, jimbo la Massachusetts. Mafuta ya nyangumi yaliwasha taa za miji yao, na yale laini ya nyangumi wa kichwa kikubwa yalilainisha mashine za viwanda vya pamba. Msomaji wa Taita ashike hapo kwenye viwanda vya pamba, maana ndipo uzi ulipoanza kuja kwetu.

Mwaka 1833 Edmund Roberts alifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, kwa niaba ya Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akafika Unguja kuwa konseli. Wamarekani walitaka pembe za ndovu na sandarusi. Walicholeta kilikuwa kitambaa kigumu cheupe kutoka viwanda vya Massachusetts, ambacho kila mtu kutoka Unguja hadi maziwa makuu alikiita merekani. Misafara iliyotoka Mombasa kwenda Taveta na Uchagani ilipita kwenye vilima vya Taita kutafuta maji na chakula, na merekani ndiyo iliyolipia maji hayo na chakula hicho. Mmisionari Johannes Rebmann alipita Bura Mei 1848, siku chache kabla hajauona Kilimanjaro. Alipita katika njia ambayo tayari ilikuwa ya pembe na vitambaa.

Mafuta ya nyangumi yakazungusha mashine, mashine zikafuma kitambaa, kitambaa kikapanda Bura na pembe zikashuka Mombasa. Ndovu na nyangumi hawakuonana kamwe, lakini walilipiana madeni.

Meli za wawindaji nazo zilitia nanga Unguja kuchukua maji, kuni na matunda, na mara nyingine kupoteza mabaharia. Mmoja wao, J. Ross Browne, aliondoka New Bedford mwaka 1842, akachoshwa na kazi na ukali wa nahodha, akakiacha chombo Unguja. Mwaka 1846 alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, na kikawafungua wengi macho huko Marekani kuhusu maisha ya mabaharia wa nyangumi: chakula kibovu, viboko, na mshahara ambao deni la nguo kutoka duka la meli liliweza kuumeza wote.

Kibyongo hakuwa chaguo la kwanza la Wamarekani. Shahamu yake ina mafuta machache kuliko ya baadhi ya wenzake, na tena akifa mara nyingi huzama. Mashua ya makasia yenye watu sita haiwezi kuzuia mzoga unaokwenda chini. Ila meli iliyokosa windo la maana iligeukia ghuba za kina kifupi za Madagascar na Msumbiji, ambako mama walikuja kuzaa. Njia yao ilikuwa ya kikatili na rahisi: walimpiga ndama chusa kwanza, bila kumuua, kwa sababu walijua mama hatamwacha. Mama akikaribia, naye akapigwa. Akizama, walitia alama mahali pale na kungoja siku mbili tatu mpaka gesi ya uozo imwinue.

Biashara hiyo ilivunjwa na mambo mawili yaliyofuatana. Mwaka 1859 mafuta ya ardhini yalichimbwa Pennsylvania, na mafuta ya taa yakaanza kuuzwa kwa bei ambayo nyangumi hakuiweza. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikachoma meli za wawindaji na kukausha pamba ya viwandani. Merekani ilipungua Unguja, Waingereza na Wahindi wakaleta vitambaa vyao. Mtu angedhani nyangumi amepona.

Mzinga wa Svend Foyn

Hakupona, na sababu ni Mnorwe mmoja wa mji wa Tønsberg. Svend Foyn alitumia miaka ya 1860 akijaribu silaha mpya, na mwaka 1870 akapata hataza yake: chusa kizito kinachorushwa na mzinga ulio mbele ya meli ya mvuke, chenye kombora kichwani linalolipukia ndani ya mwili wa mnyama. Kamba yake ilipita kwenye springi ndani ya meli ili isikatike. Jambo jingine lililokuja kuingia katika kazi hiyo halikuwa na kishindo, lakini kwa kibyongo lilikuwa baya kuliko mzinga: bomba la kumjaza mzoga hewa. Nyangumi aliyekuwa akizama sasa alielea, akachomekwa bendera na kuachwa baharini wakati meli inamfuata mwingine.

Sifa iliyokuwa imemwokoa kibyongo ikafutwa kwa pampu. Zilizobaki zote zilimponza. Anaogelea polepole, anapenda kukaa karibu na pwani, na hana woga wa vyombo. Mara nyingi huvisogelea.

Norway iliwamaliza nyangumi wake wa karibu, ikashuka kusini. Mwaka 1904 Carl Anton Larsen alijenga kituo cha Grytviken katika kisiwa cha South Georgia, na vibyongo wakawa sehemu kubwa ya mawindo ya mwanzo. Katika msimu wa 1910 hadi 1911 peke yake waliuawa zaidi ya 6,000. Hao wengi wao walikuwa wa upande wa Atlantiki. Zamu ya wale wa kwetu ilikuja Durban.

Mwaka 1908 kampuni iliyoanzishwa na Wanorwe wawili, Johan Bryde na Jacob Egeland, iliua nyangumi wake wa kwanza huko. Durban iko kwenye njia kamili ya kibyongo anayetoka Antaktika kuja kuzaa Msumbiji na kwetu. Harufu ya kiwanda iliwakera wenyeji wa mji kiasi kwamba kazi ya kuchuna ikahamishiwa upande wa nje wa rasi ya Bluff, unaotazama bahari kuu. Tatizo likawa jinsi ya kumfikisha nyangumi huko kutoka mlango wa bandari. Wakajenga reli. Meli ililaza mizoga kwenye njia ya mteremko, winchi ikaivuta juu ya mabehewa bapa, na garimoshi likaizungusha rasi, mikia ikining'inia nje ya behewa na maji ya bahari na damu yakidondoka njiani. Kiwandani watu wenye visu vya mipini mirefu walikata shahamu kwa vipande virefu, kamba za winchi zikavibandua kama ganda, na mapipa ya kuchemshia yakapokea. Hakuna kilichotupwa: nyama na mifupa vilisagwa kuwa mbolea na chakula cha mifugo.

Wanorwe walifungua vituo pia katika Msumbiji ya Wareno, kimojawapo Linga Linga karibu na Inhambane, yaani pale pale wanapozalia. Magofu ya kituo hicho yapo hadi leo. Misimu michache tu ikatosha. Kufikia Vita Kuu ya Kwanza kibyongo, aliyekuwa windo kuu la pwani hii, alikuwa amepungua hivi kwamba meli za Durban ziligeukia aina nyingine.

Swali ni nani alikuwa akinunua mafuta haya, ikiwa taa zilikwisha kuhamia mafuta ya ardhini. Jibu liko kwa mkemia Mjerumani, Wilhelm Normann, aliyegundua mwanzoni mwa karne ya 20 namna ya kuyagandisha mafuta ya majimaji kwa haidrojeni. Mafuta ya nyangumi yaliyokuwa yakinuka samaki yakawa mafuta meupe magumu yasiyo na harufu, yakaingia kwenye sabuni na siagi ya viwandani. Mlaji wa London au Hamburg alipaka nyangumi kwenye mkate bila kujua.

Vita vinafika Bura

Ukichemsha mafuta pamoja na magadi makali ili upate sabuni, hubaki glaserini. Ukiichanganya glaserini na asidi ya nitriki, unapata nitroglaserini, na hiyo ndiyo roho ya baruti ya kordaiti iliyorusha makombora ya Waingereza. Vita vilipozuka mwaka 1914, serikali ya Uingereza iliyashika mafuta ya nyangumi kama mali ya vita.

Hapo ndipo Bura inapoingia tena. Wajerumani waliuvuka mpaka wakaikalia Taveta mwezi Agosti 1914. Mwaka uliofuata Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Mwatate na Bura hadi Maktau, ili majeshi na silaha visitegemee wapagazi na ng'ombe katika nchi isiyo na maji. Vijana wa Taita walibebeshwa mizigo hata hivyo. Masanduku ya risasi na makombora yalipita Bura kwa treni usiku na mchana, na tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini waliotua karibuni kutoka kwao waliushambulia mlima mdogo wa Salaita, wakapigwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakarudi nyuma huku wakikingwa na Wabaluchi wa jeshi la India. Glaserini haina kabila. Ya nyangumi, ya ng'ombe na ya mnazi huishia pipa moja. Lakini nchi iliyoleta askari wale ndiyo iliyokuwa na viwanda vya Durban.

Baharini uhusiano ulikuwa wazi zaidi. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha katika delta ya Rufiji, jeshi la maji la Uingereza lilihitaji vyombo vidogo vyenye kasi, visivyohitaji maji ya kina kirefu. Vikaletwa vyombo vya kuwindia nyangumi vilivyotiwa silaha, miongoni mwao Echo, Fly na Pickle. Vilikuwa pale Julai 1915 Königsberg ilipoteketezwa. Chombo kilichoundwa kumfukuza nyangumi kilikuwa sawasawa kwa kufukuza meli. Sidhani Foyn angeshangaa.

Viwanda vinavyoelea

Kituo cha nchi kavu kina mipaka. Kina bendera ya nchi, kina leseni, na nyangumi akihama hakiwezi kumfuata. Mwaka 1925 meli ya Kinorwe iitwayo Lancing ilikwenda kusini ikiwa na mteremko uliokatwa nyuma, ambao kwao nyangumi mzima aliweza kuvutwa hadi sitahani na kumalizwa huko huko bahari kuu. Tangu hapo hapakuwa na serikali ya kuombwa ruhusa. Wanorwe na Waingereza walitangulia, Wajapani na Wajerumani wakafuata miaka ya 1930. Kusini mwa Madagascar meli-viwanda ziliwavamia vibyongo waliokwenda kuzaa kuanzia 1937 hadi 1939, na tena 1949 na 1950.

Mikataba ilikuwepo. Wa Geneva ulitiwa saini mwaka 1931, na wa Washington mwaka 1946 ukazaa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi. Kosa lililoigharimu Tume lilikuwa la kihesabu. Kikomo cha mwaka hakikuwekwa kwa kila aina, kiliwekwa kwa kipimo kimoja cha mafuta: nyangumi buluu mmoja alihesabiwa sawa na vibyongo wawili na nusu. Kila nahodha alikimbilia mkubwa kwanza, kisha anayefuata, mpaka wote wakapungua kwa zamu huku daftari likionyesha kuwa kikomo hakijavukwa. Nchi za Afrika Mashariki hazikuwa mezani. Kenya, Tanganyika na Unguja zote zilikuwa chini ya Uingereza, na Uingereza ilikuwa mwindaji.

Mwaka 1963, mwaka ule ule bendera ya Kenya ilipopandishwa, Tume ilipiga marufuku uwindaji wa vibyongo katika nusu ya kusini ya dunia. Wawindaji wengi walitii, maana hapakuwa na cha kuwinda. Wasovieti hawakutii. Kati ya 1947 na 1973 meli zao ziliripoti vibyongo 2,710 kutoka bahari za kusini. Waliouawa kwa kweli walizidi 48,000. Na Urusi haikuwa na njaa ya mafuta hayo. Meli zilipangiwa tani za kuvuna, aliyezivuka alipata bonasi na nishani, na mwaka uliofuata akapangiwa zaidi. Mizoga mingi ilichunwa shahamu tu, nyama ikatupwa baharini.

Siri hiyo ilitoka Novemba 1993, Urusi ya Kisovieti ikiwa imekwisha, pale mwanabiolojia Alexei Yablokov alipoitangaza mbele ya wataalamu wenzake mjini Galveston, Texas. Wanasayansi waliokuwa ndani ya meli hizo walikuwa wamehifadhi madaftari ya kweli kwa hatari yao wenyewe.

Novemba 1966, pwani ya Oman

Katika madaftari hayo kuna kurasa zinazowahusu majirani zetu wa kale, wale ambao jahazi zao zilikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Mwaka 1966 meli-viwanda Slava na Sovetskaya Ukraina zilikuwa njiani kwenda Antaktika kupitia Mfereji wa Suez. Zilipoingia Bahari ya Arabia zikakuta vibyongo. Mwezi Novemba waliuawa 238 mbele ya pwani za Oman, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India; wanne walikuwa wameuawa mwaka uliotangulia. Jumla 242.

Yuri Mikhalev, aliyekuwa mwanasayansi wa Kisovieti, alichapisha takwimu hizo mwaka 1997, na ndani yake mlikuwa na jambo lililowashtua hata waliomjua kibyongo maisha yao yote. Wapimaji sitahani walikuwa wamepima vijusi matumboni mwa majike. Ukubwa wao haukulingana na kalenda ya kusini; ulilingana na kalenda ya kaskazini ya dunia. Yaani hawa hawakuwa wageni kutoka Antaktika. Ni wakazi wa kudumu, wanaokula na kuzaa katika Bahari ya Arabia hiyo hiyo, pale ambapo upepo wa kusi huinua maji baridi yenye chakula tele. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa baadaye ulionyesha wametengana na jamaa zao wa kusini kwa miaka 70,000 hivi. Kundi la pekee duniani lilijulikana lilivyo kwa sababu wauaji wake walipima vizuri.

Kura ya Brighton

Mambo yaligeuka kwa sababu kadhaa, na siamini wanaoitaja moja tu. Biashara yenyewe ilikuwa inakufa: mafuta ya mawese na soya yalishuka bei, Durban ikafunga mwaka 1975. Sauti pia ilifanya kazi. Mwaka 1970 Roger Payne alitoa santuri ya nyimbo za vibyongo, na watu wa mijini ambao hawajamwona mnyama huyu wakamsikia akiimba kwa mpangilio. Mwaka 1972 mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Stockholm ulitaka uwindaji usimamishwe kwa miaka kumi. Mkutano huo huo ndio uliopelekea kuundwa kwa shirika la mazingira la UNEP, ambalo makao yake yaliwekwa Nairobi.

Kura zenyewe, hata hivyo, zililetwa na nchi ambazo wakubwa hawakuzihesabu. Ushelisheli ilipata uhuru mwaka 1976. Miaka mitatu baadaye iliingia katika Tume na kupendekeza Bahari ya Hindi yote iwe hifadhi, kuanzia pwani ya Afrika hadi Australia na kushuka kusini hadi latitudo ya 55. Ikakubaliwa mwaka huo huo wa 1979. Taifa la visiwa vidogo, lisilo na meli hata moja ya nyangumi, likawa limefunga bahari nzima.

Oman ilijiunga mwaka 1980, Kenya mwaka 1981. Kwa Kenya halikuwa jambo la kubahatisha. Tsavo ilikuwa ikipoteza ndovu kwa maelfu, na mwaka 1977 serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji wa wanyamapori nchi nzima, ikiwemo ule wa leseni uliokuwa ukiwaleta matajiri katika nyika za Voi. Serikali iliyokwisha kusema hapana kwa bunduki ya mtalii isingesema ndiyo kwa mzinga wa Mnorwe. Julai 1982, mjini Brighton, Uingereza, Tume ilipiga kura juu ya pendekezo, tena la Ushelisheli, la kusimamisha uwindaji wote wa biashara. Ishirini na tano walikubali, saba walikataa, watano hawakupiga. Kenya, Oman na Ushelisheli zilikuwa upande wa ndiyo. Japani, Norway na Urusi ya Kisovieti upande wa hapana. Amri ikaanza kutekelezwa msimu wa 1985 hadi 1986.

Wapo wanaosema kura hizo zilipangwa na Wamarekani na vyama vya mazingira vya Ulaya, na nchi ndogo ziliitwa kujaza viti. Ushawishi ulikuwepo, wa pande zote mbili, na haujaisha hadi leo. Ila hifadhi ya 1979 ilikuwa ya Ushelisheli, na maji yaliyohifadhiwa ni haya tunayoogelea.

Waliorudi na wasiorudi

Vibyongo wa mwambao wetu walirudi. Watafiti waliohesabu pwani ya Msumbiji mwaka 1991 walikadiria kundi la 2,000 hivi. Mwaka 2003 hesabu ilikuwa karibu 6,000. Watamu, ambako zamani mvuvi aliyemwona alisimulia jioni hiyo na basi, kikundi cha Watamu Marine Association na wenye mashua wamekuwa wakiandika kila anayeonekana tangu mwaka 2011, na mtalii hulipa kwenda kumtazama. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, palitokea jambo la jinsi hiyo hiyo kwa pomboo: hadi miaka ya 1990 walikuwa wakiuawa kwa chambo cha papa, na wavuvi wakaacha walipoona mgeni analipa zaidi kwa pomboo aliye hai.

Uwindaji wa kibyongo duniani umebaki mdogo sana. Greenland ina mgao wa kumi kwa mwaka, na watu wa kisiwa cha Bequia huko Karibi huruhusiwa wanne. Japani ilipanga kuua 50 kwa jina la utafiti mwaka 2007, Australia ikapiga kelele, mpango ukawekwa kando. Mwaka 2019 Japani ikajitoa katika Tume na kurudia uwindaji wa biashara katika maji yake yenyewe, wa aina nyingine za nyangumi.

Wa Oman ndio hawajarudi. Ukadiriaji uliochapishwa mwaka 2011 ulipata 82 tu. Kundi dogo linaloishi mahali pamoja halina jamaa wa kuja kujaza pengo, na Novemba moja iliondoa wengi mno, majike wenye mimba wakiwemo. Mizinga imekwisha, lakini kati ya waliopigwa picha, theluthi moja au zaidi wana makovu yanayoelekea kuwa ya nyavu. Jarife la kuachia usiku halichagui samaki, na mnyama anayepumua hewa akinaswa chini hufa kwa kukosa pumzi. Meli za mizigo nazo zimeongezeka tangu bandari ya Duqm ijengwe.

Mwishoni mwa 2017 watafiti walimfunga kifaa cha setilaiti jike mmoja katika Ghuba ya Masirah, wakampa jina Luban, yaani ubani wa Dhofar. Desemba aliikata Bahari ya Arabia hadi pwani ya Kerala, kusini mwa India, akazunguka huko majuma kadhaa, na mapema mwaka 2018 akarudi Oman. Hakuna aliyekuwa ameandika kwamba vibyongo hawa huvuka. India sasa nayo inawatafuta katika maji yake, pamoja na Pakistan na Oman, nchi zile zile tatu ambazo pwani zake zimetajwa katika daftari la 1966.